Bakuli na Kiti cha Enzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ubudha na Uanarkia

Maswali haya nimeulizwa na watu wa kila namna, kuanzia wanafunzi hadi mzee mmoja wa kijiweni aliyeniambia kwamba nimechanganya dawa mbili na zote zimeshapita muda wake. Nimeyapanga yanavyonijia. Ukiona jibu fupi, ujue jambo lenyewe ni fupi.

Uanarkia si ni fujo tu?

Redioni, ndiyo. Mtangazaji akisema nchi imetumbukia katika anarkia, unajua maduka yameporwa na barabara zimezibwa kwa matairi yanayowaka. Asili ya neno ni Kigiriki: pasipo mtawala. Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon alilichukua tusi hilo mwaka 1840 akalivaa kama kanzu ya Idi. Wanaojiita waanarkia wanasema watu wanaweza kuendesha shamba, karakana, kisima na shule kwa kukubaliana, bila yeyote kuwa na haki ya kumwamrisha mwenzake kwa kumtishia njaa au rungu. Wanabishana sana kuhusu njia. Baadhi yao katika karne ya 19 walirusha mabomu, na doa hilo halijatoka. Wengi zaidi walikuwa watu wa vyama vya wafanyakazi, ushirika na magazeti madogo.

Sisi husema aliye juu mngoje chini. Mwanarkia anauliza kwanza ni nani aliyempa ngazi.

Na Ubudha? Si dini ya kufumba macho na kunyamaza?

Kufumba macho kumo, ingawa watu wa Zen, tawi la Ubudha la China na Japani, huyaacha nusu wazi. Budha alifundisha kaskazini mwa India yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Alisema maisha yana dukkha, yaani karaha isiyokwisha, na chanzo chake ni uchu: kutaka kupata, kutaka kushikilia, kutaka kuwa fulani. Uchu ukikatika, karaha nayo inakatika, na ipo njia ya kuukata. Hiyo ndiyo dini kwa pumzi moja. Yaliyobaki ni mazoezi, na mazoezi hayaishi.

Basi zinakutana wapi?

Ukiuliza mtandaoni utajibiwa "amani", "uhuru", "upendo". Kwa maneno mapana hivyo hata muuza sabuni anakutana na Budha. Mimi nasema zinakutana kwenye mchele.

Katika mahubiri yanayoitwa Aggañña, Budha anawasimulia vijana wawili wa ukoo wa Kibrahmani, tabaka la makuhani, jinsi ufalme ulivyoanza. Zamani mpunga ulijiotea wenyewe, hauna kapi wala pumba. Watu walichuma asubuhi wa kula asubuhi, jioni wa kula jioni, na palipochumwa paliota tena. Siku moja mvivu mmoja akawaza: mbona najitaabisha kutoka mara mbili? Akachuma wa milo miwili. Jirani alipompitia waende shambani, akajibiwa, "Mwenzangu, mimi wangu ninao." Jirani akaona si vibaya, akachuma wa siku mbili. Mwingine akachuma wa siku nne, mwingine wa siku nane. Mpunga ukaanza kuota makapi, na palipovunwa hapakuota tena. Ndipo wakagawana mashamba na kuweka mipaka. Mipaka haijakauka, mtu akaacha lake akala la jirani. Wizi ukaleta uongo, uongo ukaleta kipigo. Walipochoka wakamwendea mwenzao mwenye sura na haiba kuliko wote, wakamwambia: wewe utukemelee wanaostahili kukemewa, nasi tutakupa fungu la mchele. Huyo ndiye mfalme wa kwanza.

Wasikilizaji wale walikuwa wamelelewa kuamini kwamba matabaka yalitoka mwilini mwa mungu, wakuu mdomoni na wadogo miguuni. Budha anawaambia mfalme ni kibarua. Aliajiriwa na wenzake, mshahara wake ni mchele, na kazi yake isingekuwepo kama yule mvivu asingeweka akiba. Proudhon alisema umiliki ni wizi. Hapa umiliki ni mama wa wizi. Si kauli moja, ila zimenyonya ziwa moja.

Kwa hiyo Budha alikuwa mwanarkia?

Hapana. Anayekuambia hivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Budha alikula kwa wafalme na kukaa katika bustani walizompa. Askari wa Bimbisara, mfalme wa Magadha, walipotumwa mpakani kutuliza uasi, baadhi yao walitoroka wakawa watawa. Wakuu wa jeshi walikasirika. Mfalme akaenda kumlalamikia Budha, naye akatoa amri: askari wa mfalme asipokewe utawani. Baadaye orodha ikarefuka, wakaongezwa wenye madeni na watumwa waliotoroka. Hapo mwanarkia yeyote anakunja uso, na ana haki.

Lakini kuna upande wa pili. Ajatasattu, mwana wa huyo huyo Bimbisara, alimuuliza Budha utawa una faida gani inayoonekana hapa hapa duniani. Budha akamjibu kwa swali: mtumwa wako, anayeamka kabla yako na kulala baada yako, akinyoa nywele na kuwa mtawa, utamrudisha akutumikie? Mfalme akasema hapana, nitasimama kumheshimu na kumpa nguo na chakula. Yaani hakuvunja nyumba ya mfalme, ila alitoboa ukuta wa nyuma.

Watawa wanaamuaje mambo bila mkubwa?

Hapa ndipo ningependa watu wakae zaidi, maana wengi hukimbilia falsafa na kuruka jikoni.

Budha alipokaribia kufa, mhudumu wake Ananda alitarajia kusikia jina la mrithi. Budha hakutaja mtu. Alisema mafundisho na kanuni ndizo zitakazokuwa mwalimu wao. Tangu hapo jumuiya ya watawa, sangha, huamua hivi: watawa wote waliomo ndani ya mpaka uliokubaliwa wanakutana, wasipungue wanne. Mmoja anatoa hoja. Kwa mambo mazito, kama kumpokea mtawa mpya, hoja hurudiwa mara tatu. Anayekubali ananyamaza, asiyekubali anasema. Mgonjwa asiyeweza kufika hutuma ridhaa yake kwa mwenzake. Kwa kawaida sauti moja ya kukataa inatosha kusimamisha jambo. Ugomvi mkubwa ukishindikana kwa njia hizo, kuna kura ya vijiti.

Aliyewahi kukaa katika mkutano wa waanarkia ataona kama amerudi nyumbani, pamoja na urefu wa kikao. Tusijidanganye pia: ukimya unaweza kuwa ridhaa na unaweza kuwa woga. Aliyehudhuria kikao cha ukoo anajua.

Ukubwa upo, lakini ni wa miaka. Mtawa huhesabu misimu ya mvua tangu apokewe, na mwenye misimu mingi husalimiwa kwanza. Wana wa ukoo wa Sakya, ndugu zake Budha, walipokwenda kuwa watawa walikuwa na kinyozi wao, Upali. Wakaomba yeye apokewe kwanza ili wao watoto wa mabwana wamwinamie maisha yao yote, kiburi cha ukoo kiwatoke. Upali ndiye aliyekuja kuwa mjuzi mkuu wa kanuni.

Na mali? Mtawa ana vitu vinane: mavazi matatu, bakuli, wembe, sindano, mkanda na chujio la maji. Sindano kwa sababu lazima ashone mwenyewe.

Wakigombana, polisi wao ni nani?

Hakuna. Mji wa Kosambi watawa waligawanyika pande mbili, na wafafanuzi wa kale wanasema chanzo kilikuwa kata la maji chooni: mmoja alibakiza maji ndani yake, mwenzake akasema ni kosa. Kata la chooni! Walifika mahali pa kutukanana na kupigana. Budha alijaribu kuwasuluhisha, wakamwambia kwa adabu akae pembeni, ugomvi ni wao. Hakuwalazimisha. Alichukua bakuli lake akaenda zake msituni.

Waliomaliza ugomvi ni wenyeji. Watu wa Kosambi walikubaliana wasiwasalimie watawa hao, wasisimame kuwaheshimu, na wasiwape chakula. Njaa ilipouma, watawa walikumbuka upatanisho na kumfuata Budha.

Ukiuliza uanarkia ukoje katika maandiko ya Kibudha, mimi sitakuonyesha mstari unaosema "msitawaliwe". Nitakuonyesha sufuria za Kosambi zilizofunikwa.

Watawa hawalimi wala hawapiki. Si kupe hao?

Kupe hakuombi ruhusa. Mtawa anapita kimya na bakuli, haruhusiwi kuagiza wala kuweka chakula cha kesho. Usipotia kitu, anakwenda nyumba nyingine. China, katika nyumba za Zen, walikwenda mbali zaidi: husimuliwa kwamba mwalimu Baizhang, alipozeeka na wanafunzi wake kumfichia jembe apumzike, aligoma kula. Siku isiyo na kazi, alisema, ni siku isiyo na chakula.

Lawama inashika pale nyumba za watawa zilipopewa mashamba makubwa na watu wa kuyalima. Tibet ilikuwa hivyo, Sri Lanka na Japani pia. Bakuli likiwa na shamba nyuma yake, halisubiri tena ridhaa ya mtu.

Kuna mtu aliyewahi kuwa vyote viwili kweli, au ni nadharia?

Yupo, na alinyongwa.

Uchiyama Gudō alizaliwa 1874 katika mkoa wa Niigata, Japani, mwana wa mchonga mbao, na mwenyewe alichonga sanamu za Budha. Akawa kasisi wa Zen ya Sōtō katika hekalu la Rinsen-ji, kijiji cha milimani Hakone. Hekalu lilikuwa la paa la nyasi na lilikuwa maskini mno. Mali yake ya maana ilikuwa miti miwili, mmoja wa matunda ya kaki na mwingine wa njugu za chestnati. Wenyeji walisimulia kwamba kila majira ya vuli Gudō aliwaita, wakagawana mavuno ya miti hiyo sawasawa.

Waumini wake walikuwa wakulima wasio na ardhi, waliolima ya wengine na kulipa kwa mchele. Mwaka 1904 aliliandikia gazeti la wanasoshalisti, *Heimin Shimbun*, akaeleza kilichompeleka huko: yeye anahubiri kwamba viumbe vyote vina asili ya Budha na kwamba katika Dharma, yaani mafundisho ya Budha, hakuna wa juu wala wa chini. Akitazama usoshalisti, anaona maneno yale yale. Baadaye alisogea hadi uanarkia.

Juni 1908 polisi walikamata waanarkia kadhaa Tokyo kwa sababu ya kupeperusha bendera nyekundu. Gudō akanunua mtambo mdogo wa chapa, akauficha hekaluni, nyuma ya madhabahu, akapanga herufi mwenyewe. Akatoa nakala kama 1000 za kijitabu kinachouliza kwa nini wakulima wapangaji wanateseka. Jibu lake lilikuwa kali kwa upande wake mwenyewe. Makasisi walikuwa wakiwaambia wakulima kwamba umaskini ni malipo ya dhambi za maisha yaliyopita. Gudō aliandika kwamba atakayedanganywa na ushirikina huo katika karne ya 20 ataishia kuwa kama ng'ombe au farasi. Akataja wanyonyaji: mfalme, matajiri, wenye mashamba. Akasema mfalme si mwana wa miungu, na akawashauri watu wasitoe mchele wa kodi, wasilipe ushuru, wasiende jeshini. Wengi waliokipokea kwa posta walikichoma moto kwa woga.

Mei 1909 alikamatwa akirudi kutoka hekalu kuu la Eihei-ji. Alikuwa tayari gerezani, mwaka mmoja baadaye, serikali ilipogundua mabomu ya mfanyakazi mmoja aliyekuwa amekisoma kijitabu chake, ikatangaza njama ya kumuua mfalme. Mahakama ilikaa kwa siri. Januari 1911 watu 24 walihukumiwa kifo, 12 wakapunguziwa. Gudō alinyongwa tarehe 24 mwezi huo, pamoja na wenzake 10. Kanno Suga, mwanamke pekee, alinyongwa kesho yake.

Madhehebu yake hayakusubiri kamba. Sōtō ilimvua ukasisi 1910, akiwa bado hai. Ilimrudishia 1993.

Alikuwa peke yake?

Katika kesi ile ile alikuwemo Takagi Kenmyō, kasisi wa madhehebu mengine ya Kibudha, aliyepunguziwa hukumu akajiua gerezani 1914. China, mtawa Taixu aliwasoma Bakunin na Kropotkin, waanarkia wa Urusi, akiwa kijana, kabla hajawa mrekebishaji mkubwa wa Ubudha huko. Mfaransa Alexandra David-Néel, Mbudha, aliandika pia kijitabu cha uanarkia, na 1924 akaingia Lhasa kwa siri akiwa amevaa kama mhujaji ombaomba.

Marekani, mshairi Gary Snyder, aliyesomea Zen Kyoto, aliandika 1961 insha yenye jina hilo hilo, uanarkia wa Kibudha. Hoja yake, kwa maneno yangu: Magharibi ilileta huruma ya mapinduzi, Mashariki ikaleta huruma ya kujijua, na moja bila nyingine inachechemea. Na yupo Robert Aitken, mwalimu wa Zen wa Hawaii, aliyepigwa picha uzeeni ameketi na bango linalosema mfumo unanuka. Picha hiyo naipenda kuliko vitabu vingi.

Uchu na dola vinahusiana nini? Mmoja anazungumzia moyo, mwingine serikali.

Hilo ndilo pengo halisi, na silifuniki. Mwanarkia huamini kwamba ukiondoa bosi, watu watanyooka. Budha hakuamini hivyo. Bosi ana tawi ndani ya kila kifua. Niliwahi kuwa katika kikundi kisicho na mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwepo, ila hatukuwa tumemchagua. Ndiye aliyejua funguo ziko wapi, ndiye aliyeandika muhtasari, na ukimpinga alinuna hadi kikao kikavunjika. Kwa ugonjwa huo uanarkia una maneno machache, Ubudha una zahanati nzima.

Geuza upande wa pili. Mbudha anaweza kukaa kwenye mto wa kutafakari miaka 30, akatulia kabisa, huku mpangaji wake hapati usingizi kwa kodi. Mkulima wa Hakone hakuhitaji kufundishwa kupunguza uchu. Alihitaji mchele wake.

Mbona nchi za Kibudha zina majenerali, na watawa wanaochochea chuki?

Kwa sababu bakuli lilipelekwa ikulu. Thailand sangha iliwekwa chini ya sheria ya serikali mwaka 1902, ikawa na ngazi za vyeo. Japani, madhehebu yale yale yaliyomvua Gudō ukasisi yalibariki vita. Myanmar, watawa wenye majina makubwa walihubiri chuki dhidi ya Waislamu. Wanaosema "huo si Ubudha wa kweli" wanajipumzisha mapema. Ni Wabudha, walisoma maandiko yale yale.

Myanmar hiyo hiyo, Septemba 2007, baada ya bei ya mafuta kupandishwa ghafla, askari waliwapiga watawa mjini Pakokku. Watawa walidai kuombwa radhi ifikapo tarehe 17. Kimya. Kesho yake wakaanza kupindua mabakuli, kitendo kilichomo katika kanuni tangu kale: kukataa sadaka ya mtu fulani. Kwa Mbudha anayetafuta thawabu kwa kutoa, huko ni kufungiwa mlango. Jenerali anaweza kumnyang'anya mtu chakula. Kumlazimisha apokee chake kwa baraka hawezi. Walipita barabarani maelfu kwa maelfu, bakuli likitazama chini, hadi risasi zilipoanza.

Kosambi walei waliwanyima watawa. Pakokku watawa waliwanyima watawala. Dawa ni ile ile.

Na wanawake?

Vibaya. Kanuni inasema mtawa wa kike mwenye miaka 100 ya utawa amwinamie mtawa wa kiume aliyepokewa leo. Wapo wataalamu wanaosema iliongezwa baadaye. Hata kama ni kweli, imetumika.

Lazima nibadili dini?

Hakuna anayekudai. Kikao cha kusikilizana hakina dini, na kufunika sufuria pia hakuna.

Kuna Wabudha karibu nasi?

Dar es Salaam, Upanga, kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala waliohamia kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na ndani ya ua kuna mti wa bodhi, aina ya mti ambao Budha aliketi chini yake alipopata mwanga. Usitarajie kukuta mwanarkia. Vua viatu mlangoni, na kama unapeleka chakula, kiwahishe kabla ya saa sita mchana, maana ikishapita hawali.